Usiku wa kuamkia safari ya meli: Msafiri wa Elburgon alale wapi?

MELI haimngoji abiria. Matatu ya kutoka Elburgon kwenda Nakuru huweza kusubiri hadi viti vijae, na treni ikikuacha asubuhi ipo nyingine alasiri, lakini meli ya abiria ikishafunga lango na kuvuta ngazi yake, tiketi iliyo mkononi hugeuka karatasi tu. Ndiyo sababu wazoefu wa safari za baharini husisitiza kwamba abiria aingie katika mji wa bandari siku moja kabla, alale huko, na kupambazuke akiwa karibu na gati. Linalobaki ni kujua alale wapi, kwa bei gani, na atatambuaje kwamba mahali hapo ni salama.

Suala hili si la matajiri peke yao. Meli za kitalii hutia nanga katika bandari ya Kilindini, Mombasa, hasa katika miezi ya Novemba hadi Aprili, na baadhi ya abiria na wafanyakazi huzipandia hapo. Wengine wa huku kwetu huteremka hadi Dar es Salaam kupanda boti za kasi ziendazo Unguja. Miongoni mwao wamo akina mama wa vyama waliochanga fedha kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, wanakwaya, wastaafu, maarusi, na vijana waliopata kazi melini. Kwa wengi huwa ndiyo mara ya kwanza kulala Pwani, nao hawana jamaa wa kuwapokea.

Kutoka Elburgon hadi Nakuru ni yapata kilomita 40. Nakuru hadi Nairobi ni 160 hivi, na Nairobi hadi Mombasa ni karibu 480. Kwa hiyo baina ya baridi ya Mau na joto la Kilindini kuna takriban kilomita 680, na katika umbali huo mambo mengi huweza kumchelewesha mtu. Ajabu ni kwamba reli ipitayo katikati ya mji wa Elburgon ni sehemu ya reli ile ile iliyoanzia Mombasa na kufika Kisumu mwaka wa 1901; lakini msafiri wa leo anayetaka kufuata ratiba ya meli hana budi kutegemea barabara hadi Nairobi.

Na barabara hiyo haiaminiki kwa saa. Mnamo Januari 2008 usafiri kati ya Nakuru na Nairobi ulivurugika vibaya kwa sababu ya ghasia za baada ya uchaguzi. Julai 7, 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, polisi waliweka vizuizi katika njia zinazoingia Nairobi, na wasafiri waliotoka mbali wakakwama nje ya jiji. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2025 ukazinduliwa mradi wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, na kila mtu anajua ujenzi wa barabara huleta nini kwa magari. Ongeza misongamano ya Desemba kati ya Gilgil na Naivasha, na utaona kwamba anayepanga kutoka Elburgon na kufika garini, trenini na melini kwa siku moja anacheza kamari na fedha zake zote.

Kwa walio vijijini, safari huanza kuwa ngumu hata kabla ya lami. Mkazi wa Mariashoni au wa vijiji vya ndani ya msitu anafahamu jinsi udongo unavyokuwa mvua ikinyesha usiku kucha. Akiwa na gari la kukamata alfajiri, yafaa alale Elburgon mjini kwa jamaa au katika nyumba ya wageni, wala asitegemee bodaboda ya saa kumi usiku katika utelezi. Na kwa kuwa mji huu ni wa baridi kali, onyo moja ni la lazima: mtu asiingize jiko la makaa ndani ya chumba cha kulala na kufunga dirisha. Hewa yenye sumu itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Aombe blanketi la pili. Nyumba yoyote ya wageni ya huku inayostahili jina lake inalo.

Lala Nairobi au upite?

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa katikati ya mwaka wa 2017. Kwa miaka ya karibuni imekuwa na safari tatu kwa siku kutoka Nairobi: asubuhi saa mbili, alasiri saa tisa, na usiku saa nne. Ratiba hubadilika, hivyo ni vyema kuihakikisha unapokata tiketi. Nauli ya daraja la chini ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mnamo Januari 2024.

Treni ya asubuhi haimfai mtu wa Elburgon isipokuwa alale Nairobi, kwa sababu abiria hutakiwa kufika kituoni mapema ili mizigo yake ikaguliwe. Treni ya usiku nayo humvutia kila mwenye kubana matumizi: hulipi kitanda, unasinzia kitini, na unaamka Mombasa. Tatizo ni kwamba unashushwa Miritini kabla hakujapambazuka, ukiwa na mizigo, usingizi na simu iliyokaribia kuzima, umbali wa kilomita kadhaa kutoka kisiwani, wakati ambapo magari ya kuaminika ni machache na hakuna hoteli itakayokupa chumba cha siku mpya bila kukudai fedha za ziada. Uamuzi wa mwandishi huyu ni kwamba treni ya usiku ni ya mtu mwenye mwenyeji wa kumpokea.

Hayo yanahusu pia mabasi ya usiku. Ipo sababu iliyofanya serikali kupiga marufuku magari ya abiria ya usiku mwanzoni mwa 2018, baada ya ajali ya kutisha karibu na Sachangwan siku ya mwisho ya 2017, ingawa marufuku hiyo iliondolewa baadaye mwaka huo. Watu wa Molo na Elburgon hawahitaji kukumbushwa kuhusu Sachangwan. Wangali wanakumbuka moto wa lori la mafuta wa Januari 31, 2009, uliowaua watu zaidi ya mia moja.

Treni ya alasiri basi ndiyo inayomfaa zaidi. Akiondoka Elburgon saa kumi na moja alfajiri, mambo yakiwa shwari atakuwa Nairobi kabla ya adhuhuri. Kutoka kituo cha kati cha reli kuna treni ndogo ya kuwapeleka abiria hadi kituo kikuu cha SGR, eneo la Syokimau. Anafika Miritini kabla ya saa tatu usiku hivi, saa ambayo mji bado uko macho, naye huwa amekwisha kuagana na hoteli yake kwa simu kwamba atachelewa kidogo.

Anayelazimika kulala Nairobi kwa ajili ya treni ya asubuhi ana njia mbili. Vyumba vya River Road na Nyamakima viko karibu na mahali magari ya Nakuru yanapoishia, na bei zake ni nafuu. Ila kelele za muziki na honi hazikomi, na kutembea na mkoba mitaani humo usiku au alfajiri ni hatari. Vyumba vya upande wa Mlolongo na Syokimau viko karibu na treni. Mlolongo una pilikapilika zake, kwa kuwa ni mji wa malori na starehe za usiku, lakini saa za asubuhi unakuwa umeshavuka msongamano wa jiji. Kwa safari ya saa mbili asubuhi, huko ndiko kwenye faida.

Upande upi wa maji?

Mombasa mjini ni kisiwa, na jambo hilo ndilo kubwa kuliko yote katika kuchagua chumba. Bandari ya Kilindini iko upande wa magharibi wa kisiwa hicho. Hoteli nzuri za ufuo, zile zinazoonekana katika picha, ziko nje ya kisiwa: Nyali, Bamburi, Shanzu na Mtwapa upande wa kaskazini, Likoni, Tiwi na Diani upande wa kusini. Aliyelala kaskazini lazima avuke daraja la Nyali pamoja na wafanyakazi wote wanaokwenda kazini. Aliyelala kusini lazima avuke kivuko cha Likoni, ambacho feri yake ikiharibika foleni hufika mbali, au azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, inayotokea Miritini, na kulipa teksi ya safari ndefu.

Kwa usiku mmoja wa kuamkia meli, ufuo hauna maana. Utafika jioni ukiwa umechoka na kuondoka asubuhi. Bahari utaiona hadi uichoke ukiwa melini. Lala kisiwani. Mitaa iliyo kandokando ya Moi Avenue, ile yenye pembe za ndovu, na mitaa ya Ganjoni iko karibu na bandari kiasi kwamba tuktuk inatosha. Mwembe Tayari ndiko kwenye mabasi na vyumba vya bei ya chini kabisa, na ndiko pia kwenye kelele na wachopozi. Mji wa Kale una nyumba za wageni tulivu zenye wenyeji wakarimu, lakini vichochoro vyake haviruhusu gari kufika mlangoni, na mgeni asiyevijua asiviingie na masanduku gizani.

Vipo vyumba vya Miritini na Changamwe, kando ya barabara kuu, ambavyo bei yake huweza kuwa nusu ya ile ya kisiwani. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Tuchukue mfano, tarakimu zikiwa za kufikirika. Chumba cha Changamwe kinauzwa Sh1,200 bila chai. Asubuhi msafiri analipa teksi Sh1,000, kwa kuwa ana mizigo na hataki kubahatisha na matatu za saa ya kazi, na chai ya njiani Sh300. Jumla ni Sh2,500. Chumba cha karibu na Moi Avenue ni Sh2,500 pamoja na chai, na tuktuk hadi langoni ni Sh200. Jumla ni Sh2,700. Tofauti iliyoonekana kuwa Sh1,300 imekuwa Sh200, na kwa Sh200 hizo msafiri ameepuka msongamano wa malori ya bandarini ambao, ukikaza, ungemkosesha meli. Bei ya kitanda na gharama ya kulala ni vitu viwili tofauti.

Hoteli, lojing'i na gesti

Neno hoteli lenyewe huwapotosha watu. Kwetu, hoteli mara nyingi ni mahali pa kula chapati na maharagwe, na mtu akitaka kulala huuliza lojing'i. Watanzania nao husema gesti. Usiridhike na jina lililoandikwa ubaoni. Uliza kwanza kama kuna vyumba vya kulala, kisha uliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: je, vyumba hivi hukodishwa kwa saa? Jibu likiwa ndiyo, tafuta kwingine. Hilo si suala la maadili pekee. Nyumba ya namna hiyo ina watu wanaoingia na kutoka usiku kucha, funguo zinazopita mikono mingi, na karani asiyejua nani yumo.

Nyota zinazotolewa kwa hoteli chini ya vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki hazitakusaidia sana, kwani nyumba nyingi za bei nafuu hazikuwahi kupangwa katika madaraja hayo. Kinachosaidia ni kutazama ukuta wa mapokezi. Leseni ya biashara ya kaunti na ile ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, hutundikwa mahali pa kuonekana. Soma mwaka. Leseni ya miaka mitatu iliyopita haina tofauti na pambo.

Tazama pia kitabu cha wageni. Karani anayekuomba kitambulisho, akaandika jina na nambari, kisha akakurudishia hapo hapo, anafanya kazi yake. Anayetaka kubaki na pasipoti yako hadi asubuhi mkatalie kwa upole. Aandike nambari au atoe nakala. Na asiyeuliza chochote, akapokea fedha na kukurushia ufunguo, jua kwamba hata aliye chumba cha jirani hakuulizwa.

Tangu shambulio la hoteli ya Paradise huko Kikambala mnamo Novemba 28, 2002, na yaliyofuata miaka ya baadaye jijini Nairobi, kupekuliwa mlangoni kumekuwa jambo la kawaida nchini. Msafiri asikasirike akifunguliwa mkoba. Afadhali akasirike asipofunguliwa.

Kagua kabla ya kulipa

Omba kuoneshwa chumba kabla ya kutoa hata shilingi. Katika nyumba za kawaida hili halihesabiwi kuwa utovu wa adabu. Funga mlango kwa ndani uone kama komeo linashika. Mlango unaofungwa kwa kufuli ya nje peke yake haufai. Kisha fungua dirisha. Majumba mengi ya mjini yana vyuma madirishani kuzuia wezi, na vyuma hivyo hivyo humzuia mgeni kutoka moto ukizuka. Ikiwa ndivyo, ni muhimu zaidi kujua ngazi ya pili iko wapi na kama mlango wake haujafungwa kwa mnyororo. Hesabu milango kutoka chumba chako hadi ngazini. Katika moshi mzito macho hayaoni, bali mkono utaweza kupapasa ukuta na kuhesabu. Ghorofa ya kwanza au ya pili ni bora kuliko ya chini, ambako dirisha liko usawa wa mpita njia, na bora kuliko ya juu kabisa.

Washa bomba, taa na shawa. Shawa za umeme zinazochemsha maji papo hapo zimewahi kuwarusha watu wengi kwa sababu ya nyaya zilizounganishwa ovyo. Ukihisi mchonyoto hata kidogo unapogusa bomba, omba chumba kingine au uoge kwa ndoo. Mombasa, maji baridi ya huko ni vuguvugu kwa mtu aliyezoea ya Elburgon.

Kuhusu mbu sharti tukae kidogo, kwa sababu hapa mtu wa nyanda za juu yumo hatarini kuliko mwenyeji. Elburgon iko juu sana, mbu waenezao malaria ni haba, na kwa hiyo miili yetu haina ule uzoefu wa ugonjwa ambao watu waliokulia penye malaria huupata tangu utotoni. Malaria inayomlaza Mpwani siku mbili huweza kumpeleka mtu wa Mau katika hali mahututi. Tena haionekani siku ya pili. Kwa kawaida huchukua wiki moja au zaidi tangu kuumwa na mbu hadi homa kuanza, maana yake msafiri atashikwa akiwa katikati ya bahari. Basi chumba kisicho na chandarua kizima si chumba salama, hata kiwe na runinga kubwa namna gani. Kikunjue chandarua ukitazame mwangani, uone kama kina matundu, na kama kinafika hadi chini ya godoro pande zote. Feni huongeza raha na huwapeperusha mbu, lakini umeme ukikatika feni husimama. Afadhali kuzungumza na daktari wa Molo au Nakuru kuhusu dawa za kinga wiki kadhaa kabla ya safari, kwa kuwa baadhi yake huanza kumezwa mapema.

Chakula cha usiku huo nacho kina uzito wake. Kampuni za meli huwauliza abiria kabla ya kupanda kama wameharisha au kutapika, na anayejibu ndiyo huweza kuzuiwa, kwani ugonjwa wa tumbo huenea upesi melini. Mtu aliyeko Mombasa kwa usiku mmoja hutamani kuonja kila kitu: viazi karai, mishikaki, juisi ya ukwaju, kachumbari. Ale kilichopikwa mbele yake na kinachotoa mvuke, aache kachumbari na barafu, na anywe maji ya chupa iliyofungwa, maana maji ya mifereji kisiwani ni ya shida na mara nyingi yana chumvi. Safari ikiisha, atakula viazi karai hadi atosheke.

Asikubali kinywaji wala peremende kutoka kwa mtu waliyefahamiana jioni hiyo. Wakenya wanaijua vyema mbinu ya kutiliwa mchele kwenye glasi, na inajulikana kwamba wanaolengwa ni wageni wenye mizigo na simu nzuri.

Malipo na matapeli

Vyumba hutafutwa sana kwa simu na intaneti siku hizi, na matapeli wamehamia huko. Hasa Desemba na Pasaka, hutokea watu wakalipia nyumba nzuri ya Pwani kwa M-Pesa, wakafika na kukuta kiwanja kitupu, au nyumba ya mtu mwingine asiyejua lolote. Dalili ni zile zile: bei iliyo chini mno, haraka ya kutaka malipo yote mapema, na nambari ya simu ya mtu binafsi badala ya nambari ya biashara. Jina linalotokea unapolipa lilingane na la hoteli. Tafuta mwenyewe nambari ya mapokezi, upige, na uulize jambo ambalo aliyeko pale peke yake ndiye anayelijua, kwa mfano jengo lililo mkabala. Kwa usiku mmoja, toa arubuni ndogo na ukamilishe ukifika.

Uliza kama bei ni ya chumba au ya kila kichwa. Uliza chai huanza saa ngapi. Ikiwa ni saa moja nawe unaondoka saa kumi na moja, omba ufungiwe mkate na yai au upunguziwe. Kwa vikundi, mwenye kuandika majina ya vyumba awe mmoja, na watoto wasipangwe peke yao katika ghorofa nyingine.

Vijana wanaokwenda kufanya kazi melini wana tahadhari yao ya pekee. Mawakala wa kuwaajiri mabaharia nchini wanatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Ubaharia ya Kenya, na chini ya Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2014, baharia hatozwi ada ya kupatiwa kazi. Gharama anazoweza kujilipia ni za cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti au hati za safari za namna hiyo. Kwa hiyo kijana anayeambiwa atume kwanza maelfu ya shilingi ya "hoteli ya usiku wa mwisho" kwa wakala ambaye ofisi yake haijui, asitume. Amtake wakala nambari ya leseni, naye aihakikishe kwa mamlaka hiyo kabla mzazi hajauza ng'ombe.

Wanaopitia Dar es Salaam

Wanaokwenda Unguja kwa boti wana hesabu tofauti kidogo. Tangu mwaka wa 2021 mabasi ya mikoani na ya nchi jirani yana kituo kikubwa cha Magufuli, Mbezi Luis, mbali na katikati ya jiji, ilhali boti huondokea ukingoni mwa bandari, katikati kabisa. Chumba cha karibu na kituo cha basi kitakuwa rahisi jioni na ghali asubuhi, kwa sababu boti ya kwanza huondoka mapema na barabara ya kuingia jijini hujaa. Kariakoo kuna gesti nyingi za bei ya wastani. Mitaa ya Posta na Kisutu iko karibu zaidi na boti. Tiketi ikatwe katika ofisi ya kampuni yenyewe, si kwa papasi anayekukimbilia langoni na kukubebea mkoba. Mkenya atahitaji pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, navyo vilale ndani ya foronya ya mto wake wala si katika mkoba ulioachwa mapokezi.

Saa ya kuamka

Limebaki jambo la saa, na limewaponza wasomi na wasiosoma. Tiketi huandikwa kwa saa za Kizungu, watu wa mapokezi na madereva huzungumza kwa Kiswahili. Tiketi ikisema 06:00, hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi. Ikisema 12:00, ni saa sita mchana. Yupo aliyemwambia dereva "saa sita" naye akimaanisha alfajiri. Taja saa kwa Kiswahili, kisha ongeza alfajiri, asubuhi au mchana, na umwombe anayekusikiliza arudie.

Soma tena tiketi uone saa mbili tofauti: saa ya meli kuondoka na saa ya lango kufungwa. Ya pili ndiyo yako. Kutoka hapo hesabu kurudi nyuma: muda wa kukaguliwa, wa njiani, wa kunywa chai, wa kuoga. Dereva wa tuktuk au teksi apatikane jioni kupitia mapokezi, bei ikubaliwe, na nambari yake ya simu iandikwe kwenye karatasi pamoja na ya mwenzake wa akiba. Lipa deni lote la hoteli usiku huo huo na upewe risiti, kwa sababu karani wa zamu ya alfajiri mara nyingi hana chenji, au hana habari kwamba ulilipa. Simu ichajiwe mapema kabla umeme haujapata nafasi ya kupotea, na tochi iwekwe chini ya mto. Nguo za kuvaa asubuhi zitundikwe, na koti zito la Elburgon likunjwe chini kabisa ya sanduku.